Inchi za Mtutu

Kiswahili kina tabia ya kuchukua sehemu moja ya kitu na kuifanya isimame badala ya kitu kizima. Serikali ikiangushwa na wanajeshi, hatusemi imeangushwa kwa baruti wala kwa kifyatulio. Tunasema imeangushwa kwa mtutu wa bunduki. Mtu aliyelazimishwa kutia saini, ametia saini mbele ya mtutu. Mtutu wenyewe ni bomba tupu la chuma, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake hauna kitu ndani. Lakini huo ndio upande wa bunduki anaouona anayetishwa. Anayeishika huona mpini. Lugha yetu, nadhani, ilisimama upande wa anayetazamwa.

Wamarekani wamesimama zaidi upande wa mpini, na kutoka huko wameuliza swali jingine kwa karibu miaka mia mbili: mtutu uwe na urefu gani? Nilikutana na swali hilo nikiwa nasoma historia ya vitu katika shahada ya uzamili. Mwenzangu wa semina alinitazama kwa huruma na kuuliza inchi mbili tatu za chuma zina historia gani. Nilimjibu kwa kirefu kuliko alivyotaka. Makala haya ndiyo jibu hilo, likiwa limepunguzwa.

Silaha ninayoifuatilia ni rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, kwa kawaida yenye vyumba sita vya risasi. Zaidi nitakaa kwenye ile inayoitwa magnum. Kabla ya kwenda mbali, tukubaliane namna ya kupima. Mtutu wa rivolva hupimwa kutoka mdomoni hadi pale unapokutana na silinda, na silinda yenyewe haihesabiwi. Bastola za kisasa zinazojazwa kwa magazini hupimwa pamoja na chumba cha risasi. Kwa hiyo inchi 4 za rivolva na inchi 4 za bastola ya magazini si kitu kimoja. Hata rula, kumbe, ina maoni yake.

*

Tuanze na farasi. Mwaka 1847, wakati wa vita vya Marekani na Mexico, Samuel Colt alikuwa mfanyabiashara aliyeshindwa. Kiwanda chake cha kwanza kule Paterson, New Jersey, kilikuwa kimefungwa miaka michache nyuma. Aliyemwinua ni Kapteni Samuel Walker, askari wa farasi aliyewahi kutumia rivolva zake huko Texas na aliyetaka nyingine yenye nguvu zaidi. Walichokibuni pamoja kilikuwa na mtutu wa inchi 9, karibu sentimita 23, na uzito wa zaidi ya kilo 2. Jeshi liliagiza 1,000. Kwa kuwa Colt hakuwa na kiwanda, zilitengenezwa katika kiwanda cha Eli Whitney mdogo, Connecticut.

Hakuna mtu angeweza kutembea mjini na chuma kile kiunoni. Hakikukusudiwa kiuno. Kilining'inia kwenye tandiko, na aliyekibeba alikuwa farasi. Urefu ule ulikuwa na maana kwa mtu aliyeketi juu ya mnyama anayekimbia, mwenye adui uwanjani mbele yake, na baruti nyeusi inayohitaji nafasi ya kuungua. Walker mwenyewe aliuawa vitani Oktoba mwaka uleule. Bastola iliyobeba jina lake ikamrudisha Colt kwenye biashara.

Miaka minne baadaye, Colt aliuza rivolva ya mwaka 1851 yenye mtutu wa inchi 7.5 na uzito wa kilo 1.2 hivi. Hii iliweza kukaa kwenye mkanda. Kisha ikaja ile maarufu ya mwaka 1873, ambayo kila mtu aliyewahi kuangalia filamu ya ng'ombe na makofia ameiona, hata kama hajui jina lake. Jeshi la farasi liliitaka kwa inchi 7.5. Miaka ya 1890 jeshi lilirudisha nyingi kiwandani zikakatwa mpaka inchi 5.5. Raia walinunua zaidi ya inchi 4.75, urefu ambao mdomo wa mtutu unalingana kabisa na mwisho wa kijiti cha kusukumia maganda kilicholala ubavuni mwake. Fupi kuliko hapo, kile kijiti kingechomoza mbele.

Tazama jinsi kipimo kinavyoshuka: 9, 7.5, 5.5, 4.75. Ni kana kwamba mtu anashuka ngazi kutoka mgongoni mwa farasi hadi barabarani, halafu anaingia ndani ya nyumba. Hakuna aliyekaa akapanga ngazi hiyo. Watu walibadilisha mahali walipotarajia kukutana na adui, na chuma kikafuata.

*

Historia hii ina uongo wake pia, na uongo huo unafundisha. Mwaka 1931 mwandishi Stuart Lake alichapisha kitabu juu ya Wyatt Earp, askari wa miji ya magharibi. Ndani yake alisimulia kwamba mwandishi wa hadithi za bei rahisi aliyejiita Ned Buntline aliwazawadia askari watano wa Dodge City rivolva za Colt zenye mitutu ya inchi 12. Hadithi ni tamu. Watafiti wamezitafuta bastola hizo kwenye daftari za kiwanda na hawajaona agizo lolote la namna hiyo.

Lakini uongo haukufa njaa. Mwaka 1955 televisheni ya Marekani ilianza kurusha tamthilia ya maisha ya Earp, na shujaa wake alibeba mtutu ule mrefu. Mwaka 1957 kampuni ya Colt ikaanza kuitengeneza na kuiuza bastola hiyo, inchi 12 kamili, kwa watu walioiona kwenye televisheni. Bastola ambayo haikuthibitika kuwapo katika karne ya 19 ikawapo katika karne ya 20, kwa sababu watu walikuwa wameshaikumbuka.

Ndiyo sababu simwamini sana mtu anayeniambia kwamba uchaguzi wa mtutu ni suala la ufundi peke yake. Ufundi upo, na nitaufikia sasa hivi. Lakini kabla mnunuzi hajafika kwenye ufundi, tayari ana picha kichwani ya mtu anayetaka kuwa.

*

Magnum ni neno la Kilatini lenye maana ya kubwa. Wauza mvinyo walilitumia kwa chupa ya lita moja na nusu, na watengenezaji wa bunduki wa Uingereza wakaliazima kwa risasi zenye baruti nyingi kuliko kawaida. Moja ya risasi hizo, ya mwaka 1912 kutoka Holland & Holland ya London, ilikuja kujulikana vizuri kwenye mbuga za Afrika Mashariki, mikononi mwa wawindaji wa tembo na nyati. Kwa hiyo neno lilipofika kwenye bastola, lilikuwa tayari limepita kwetu likinuka damu ya wanyama wakubwa.

Bastola yenyewe ilizaliwa na magari. Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, na biashara ya magendo ikawalea majambazi wenye fedha, magari ya kasi na silaha za kivita. Polisi walikuwa na rivolva za risasi ya .38 Special, ya mwisho wa karne ya 19, ambayo haikuwa na nguvu ya kutegemewa mbele ya mlango wa gari. Mwaka 1930 kampuni ya Smith & Wesson ya Springfield, Massachusetts, ilitoa bastola nzito iliyoweza kuhimili risasi ya .38 iliyoongezwa nguvu. Mwaka 1935, ikishirikiana na kiwanda cha risasi cha Winchester, ikaja na .357 Magnum. Risasi ilikuwa na unene uleule, ila ganda lilirefushwa kwa milimita kama 3 ili lisiingie kwenye bastola za zamani na kuzipasua.

Douglas Wesson, mjukuu wa mwanzilishi, hakuiuza bastola hiyo kama bidhaa ya rafuni. Ilitengenezwa kwa oda, na kila moja ikasajiliwa kwa namba na kupewa cheti. Bei ilikuwa dola 60, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, wakati mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na kazi. Ya kwanza alipewa J. Edgar Hoover, mkurugenzi wa FBI. Kwa fedha hiyo mnunuzi alichagua aina ya alama za kulengea, aina ya mpini, na urefu wa mtutu, popote kati ya inchi 3.5 na 8.75. Yaani kutoka sentimita 9 hadi 22, kama vile mtu anavyompa fundi cherehani kipimo cha suruali.

Hapa ndipo swali letu linapoonekana uchi. Mtu amepewa uhuru wote. Anachagua nini, na kwa nini?

Sababu ya kwanza ni kasi. Baruti inapowaka, gesi huisukuma risasi kwa muda wote ikiwa ndani ya mtutu. Bomba refu huipa gesi muda zaidi wa kusukuma. Fupi huiachia risasi mapema, na baruti inayobaki huungulia nje, ikitoa mwali mkubwa na kishindo cha kuziba masikio. Matangazo ya 1935 yalidai risasi ya gramu 10 hivi ilitoka kwa futi 1,510 kwa sekunde, yaani mita 460. Mtutu uliotumika kupata namba hiyo ulikuwa wa inchi 8.75, mrefu kuliko yote. Miongo kadhaa baadaye, viwanda vilipoanza kupima kwa mtutu wa inchi 4 wenye uwazi kama wa rivolva halisi, risasi ya uzito uleule iliandikwa futi 1,235, sawa na mita 376. Sehemu ya tofauti hiyo ni baruti iliyopunguzwa, na sehemu ni mtutu. Ukiona kasi ya risasi kwenye tangazo, muulize muuzaji aliipima kwa bomba gani.

Sababu ya pili ni jicho. Wengi hudhani mtutu mrefu ni sahihi zaidi kwa asili yake. Ukiibana bastola kwenye mashine, tofauti ni ndogo. Mtutu mrefu humsaidia binadamu, kwa sababu alama ya mbele inakuwa mbali na ya nyuma, na kosa la mkono linaonekana mapema. Hesabu yake ni ya darasa la saba. Tuseme alama zako zimepishana kwa milimita 1, na shabaha iko mita 25. Kama umbali kati ya alama mbili ni sentimita 15, kama ilivyo kwenye rivolva ya inchi 4, risasi itakosea kwa sentimita 17 hivi. Kama ni sentimita 25, itakosea kwa 10. Faida hii ilikuwa kubwa kiasi kwamba chama cha walenga shabaha wa rivolva Marekani kiliweka kikomo cha inchi 10 kati ya alama. Ili kutii sheria ya mchezo, Smith & Wesson walipunguza mtutu wao mrefu kutoka inchi 8.75 hadi 8 na theluthi hivi, au tuseme kwa usahihi wao, 8 na sehemu tatu za nane.

Sababu ya tatu ni mwili wa mbebaji. Chuma kirefu ni kizito mbele, huchelewa kutoka kwenye ala yake, huchoma paja ukikaa kwenye gari, na hakifichiki chini ya koti. Kila inchi unayoipata kwenye shabaha unailipa kiunoni.

*

Kati ya walioijaza fomu ile ya 1935 alikuwemo ofisa mmoja wa jeshi aliyekuwa kazini Hawaii, George Patton, ambaye miaka kumi baadaye angekuwa jenerali anayejulikana dunia nzima. Alichagua kipimo kifupi kuliko vyote: inchi 3.5. Tayari alikuwa na Colt ya inchi 4.75, aliyoinunua 1916 na kuitumia mwaka huohuo katika mapigano ya karibu kwenye shamba moja nchini Mexico. Mtu aliyewahi kupigana kwa bastola kwa umbali wa hatua chache, alipopewa uhuru wa kuchagua, hakuchagua kasi wala shabaha. Alichagua wepesi.

Bastola zake zote mbili ziliwekwa mipini ya pembe za ndovu. Waandishi wa habari walipoandika kwamba ni lulu, alikasirika.

Tazama ramani. Springfield, walipokuwa Smith & Wesson, iko kando ya mto Connecticut. Ukiufuata mto huo kuelekea kusini unafika Hartford, kilipokuwa kiwanda cha Colt. Endelea karibu na mdomo wa mto na unafika Deep River na Ivoryton, miji miwili midogo iliyoishi kwa pembe za ndovu. Viwanda vyake vilikata vibao vya kinanda kwa ajili ya sebule za Marekani. Pembe zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 zilitoka Zanzibar. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sultan Seyyid Said mwaka 1833 na kufungua ubalozi mdogo kisiwani mwaka 1837. Meli kutoka Massachusetts zilileta kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo tunakiita merikani, na zikarudi na pembe zilizobebwa mabegani kutoka Unyamwezi, Ujiji na Manyema, na watu ambao baadhi yao walikuwa watumwa.

Siandiki hili ili kuihusisha bastola fulani na tembo fulani. Ninaandika kwa sababu bonde lile la mto mmoja lilikuwa na ustadi wa aina mbili, wa kutoboa chuma na wa kupasua pembe, na ustadi wa pili ulilishwa na njia zetu za misafara. Yule mwenzangu wa semina aliuliza inatuhusu nini. Hii ni sehemu ya jibu.

*

Vita vikuu vya pili vilipokwisha, uchaguzi wa inchi ulihama kutoka kwa mnunuzi mmoja kwenda kwa idara. Mtu wa kumtazama hapa ni Bill Jordan, askari wa doria ya mpakani. Magnum ya 1935 ilikuwa nzito mno kwa mtu anayeibeba siku nzima bila kuitumia. Jordan aliwaomba Smith & Wesson waiweke nguvu ileile kwenye fremu ndogo zaidi, yenye mtutu mnene wa inchi 4. Novemba 1955 wakampa ya kwanza. Baadaye iliitwa Model 19, na inchi 4 ikawa kipimo cha askari wa kawaida wa Marekani kwa kizazi kizima. Ilitosha kulenga, na ilitosha kukalia garini. Baadhi ya askari wa barabara kuu walibaki na inchi 6, na wapelelezi wenye makoti wakaenda kwenye 2.5.

Hiyo 2.5 ilikuwa na tatizo ambalo huwezi kuliona dukani. Chini ya mtutu wa rivolva ya kisasa kuna kijiti cha kusukumia maganda yaliyokwisha tumika. Mtutu ukiwa mfupi, kijiti nacho kinafupishwa, na ganda refu la magnum halisukumwi mpaka mwisho. Linabaki limening'inia, na mtu aliye hatarini anabaki akilichomoa kwa kucha. Ndiyo maana FBI, katika miaka ya mwisho ya rivolva zao, walipenda mtutu wa inchi 3: nusu inchi inayotosha kurudisha urefu kamili wa kijiti. Raia wa 1873 alisimama pale kijiti kilipomruhusu. Miaka mia moja baadaye mpelelezi wa serikali alifanya vivyo hivyo.

Wakati huohuo upande wa pili wa soko ulikua. Mwaka 1956 ilitangazwa .44 Magnum, iliyopigiwa debe kwa miaka na Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa Idaho. Zilizouzwa mwanzo zilikuwa na mtutu wa inchi 6.5. Keith mwenyewe, aliyeijua kuliko wengi, alipenda kubeba ya inchi 4. Kwa miaka 15 ilikuwa bastola ya wawindaji na ya watu wachache wenye mikono imara. Kisha mwaka 1971 Clint Eastwood akaielekeza kwenye kamera katika filamu ya Dirty Harry, na ghafla haikupatikana madukani. Kamera ilikuwa imewekwa mbele, ikitazama ndani ya mdomo. Watazamaji waliona kile ambacho Kiswahili kilikuwa kinakisema siku zote, halafu wakatoka sinema wakitaka kuwa upande wa pili.

*

Sheria nayo ina rula yake. Mwaka 1934, mwaka mmoja kabla ya magnum, serikali ya Rais Roosevelt ilipeleka bungeni muswada wa kudhibiti silaha za majambazi. Rasimu ya kwanza ilizijumuisha bastola zote, pamoja na bunduki ndefu zilizokatwa mitutu, kwa kuwa mtu aliyezuiwa bastola angeweza kukata bunduki yake na kuificha chini ya koti. Wapinzani, wakiwemo viongozi wa chama cha wamiliki wa bunduki, walipambana mpaka bastola zikaondolewa. Kipengele cha bunduki zilizokatwa kikabaki, na kodi ya dola 200. Matokeo yake ni sheria inayolinda mlango wa nyuma huku wa mbele ukiwa wazi: kufupisha mtutu wa bunduki ndefu bila kibali ni kosa kubwa, ilhali bastola, iliyo fupi tayari, ilipita. Kuna mpaka uliolindwa hapo, lakini nchi iliyokuwa nyuma ya mpaka huo imeondolewa.

Mwaka 1968, baada ya mauaji ya Martin Luther King na Robert Kennedy, bunge lilijaribu tena. Safari hii lilizuia kuingiza nchini bastola ndogo za bei rahisi, na maofisa wakaweka vigezo: rivolva kutoka nje isiwe na mtutu chini ya inchi 3. Sheria haikusema lolote juu ya zile zinazotengenezwa ndani. Kampuni moja ya Ujerumani ikaanza kuleta vipuri na kuviunganisha Miami. Rivolva iliyomjeruhi Rais Reagan na wenzake watatu, Machi 1981, ilikuwa ya asili hiyo, na mtutu wake haukufika inchi 2.

Ukiziweka sheria hizi pamoja unaona kwamba serikali na mnunuzi wanasoma rula ileile kwa kuanzia ncha tofauti. Kwa mnunuzi, mtutu mfupi ni urahisi. Kwa serikali, mfupi ni siri, na siri ni uhalifu. Mrefu ni wa mwindaji, wa mlenga shabaha, wa mtu asiye na cha kuficha. Kuna hekima hapo, na kuna kiburi pia. Bastola fupi ya bei rahisi ndiyo aliyoweza kuinunua maskini, na maneno yaliyotumika Marekani kuikemea mara nyingi yaliwalenga watu weusi wa mijini kuliko chuma chenyewe. Rivolva ya dola 60 ya mwaka 1935, hata ya inchi 3.5, haikuitwa na mtu yeyote silaha ya kihuni.

Na kuna jambo ambalo rula yoyote hailifikii. Mjadala wote wa kasi, alama na kiuno unadhani kwamba kuna mtu mwingine, umbali fulani, ambaye risasi inamwendea. Katika miongo ya karibuni, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua. Mnunuzi anakaa jioni nzima akipima faida ya inchi 4 dhidi ya 6, kwa ajili ya mgeni wa usiku ambaye pengine hatakuja kamwe, na silaha inakwenda kukaa kwenye kabati la nyumba yenye kijana mwenye huzuni. Kati ya mambo yote niliyosoma, hili ndilo lililonizuia kuiona historia hii kama historia ya ufundi tu.

*

Kanada waliijibu rula kwa milimita. Sheria yao ya mwaka 1995 iliweka katika kundi la marufuku bastola zenye mtutu wa milimita 105 au pungufu. Inchi 4, kile kipimo cha Bill Jordan, ni milimita 101.6. Kwa tofauti ya unene wa vidole visivyofika hata kimoja, rivolva ya kawaida kuliko zote ikawa haramu kwa mnunuzi mpya. Watengenezaji hawakulalamika sana. Walitoa mtutu wa inchi 4.2, ambao ni milimita 106.7, na ukaruhusiwa. Risasi yake ni ileile, mkono ni uleule. Oktoba 2022 serikali ya Kanada ilisimamisha uuzaji wa bastola karibu zote kwa raia, na milimita zikapoteza umuhimu.

Zile 4.2 bado zipo, zinauzwa hata kwa Wamarekani ambao hawajui kwa nini namba hiyo ina mkia. Ndani ya ule mkia wa milimita 5 kuna bunge zima, wabunge waliobishana, wafiwa waliotoa ushahidi, na mhandisi aliyeambiwa aongeze kidogo. Farasi yumo kwenye inchi 9, mlango wa gari umo kwenye .357, televisheni imo kwenye inchi 12. Sisi tunaosoma historia tumezoea kutafuta zama zilizopita kwenye nyaraka. Wakati mwingine zimeandikwa kwenye chuma, na zinasomeka vizuri zaidi ukisimama mahali ambapo lugha yetu imesimama tangu zamani: mbele, ukitazama ndani ya bomba.